Mteja wa Mwanjelwa na ile elfu hamsini

Mama mmoja anauza mchele wa Kyela pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, nikamfuata nimtengenezee lebo za mifuko yake ya kilo tano. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, vizuri kabisa, ila niliposema tu mi ni dizaina sura ikabadilika. Kumbe kuna kijana alishachukua elfu hamsini yake ya advansi afu akazima simu mpaka leo.

Sasa hapo utamwambia nini? Portfolio ya kwenye simu, yaani picha za kazi zangu, hakuiangalia hata, akaniuliza tu "we unakaa wapi?"

Nikarudi nyumbani (mvua ya Mbeya mnaijua, nimefika nimelowa chepechepe), nikachora lebo moja, nikaiprinti kwa rangi stesheneri, kesho yake nikaibandika mwenyewe kwenye mfuko wake mmoja na kuuweka mbele ya meza yake. Sikuomba hata mia. Akauzungusha uzungusha, akamwita jirani yake wa maharage aje aone, afu akasema jina la Kyela liwe kubwa zaidi maana ndo watu wanaloulizia.

Ndo tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari, nusu kwanza, nusu akipokea mzigo, marekebisho mara tatu basi. Kila jioni nikawa namtumia voisi Wasapu, hata siku umeme umekatika na sijafanya chochote namwambia hivyo hivyo, mama leo sijagusa kazi.

Yule jirani wa maharage kanipigia jana.