Pima ya roboti ni sentimita 17.5

Kambi yetu ilianza Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Desemba, ndani ya maabara ya fizikia, hapa Tanga. Watoto wanane, kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu, roboti moja ya LEGO, kompyuta mpakato mbili na pangaboi moja juu ya vichwa vyetu. Wazazi walichanga mchele na maharage. Mama mmoja alituletea mkungu wa ndizi na kutuambia tusimrudishie chano. Siku tisa tulikula, tukalala na kuamka na roboti.

Tulikuwa tunajiandaa na mashindano ya FIRST LEGO League. Msimu ule wa 2024 hadi 2025 uliitwa SUBMERGED, na mada yake ilikuwa bahari. Niliposoma hivyo moyo ulinidunda. Watoto wangu wanalala wakisikia bahari!

Kwa asiyeyajua mashindano haya: kuna meza yenye mkeka wa urefu wa mita 2 na ushei, umejaa vitu vya kusukuma, kuinua na kubeba. Mechi ni dakika 2 na sekunde 30. Roboti ikishatoka nyumbani kwake inakwenda yenyewe kwa programu mliyoiandika. Mkiishika ikiwa huko nje, mwamuzi anachukua kidude kimoja kati ya 6 mlivyoanza navyo, na mkipoteza zaidi ya kimoja pointi zinaanza kumomonyoka. Kwa hiyo mtoto anasimama pale mikono nyuma, anaiona roboti yake ikipotea njia, na haruhusiwi kuigusa.

Kazi tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa kumlisha nyangumi. Roboti inabeba uduvi wa plastiki, inauingiza mdomoni mwake. Asubuhi ya siku ya tatu tulimlisha mara nne mfululizo, watoto wakapiga kelele hadi mlinzi akaja kuchungulia. Baada ya chakula cha mchana, roboti ileile, programu ileile, ikapita kando ya nyangumi kwa vidole vitatu. Tukairudia. Vidole vitatu.

Hapo ndipo kila mtu alipotaka kibodi. Mmoja anaongeza nyuzi za kupinda, mwingine anapunguza mwendo, wa tatu anasema betri imeshuka. Jioni hakuna aliyekumbuka programu ya asubuhi ilikuwaje. Niliwaambia waache, nikatoa kauntabuku mpya kabatini, nikaweka sheria moja: hakuna kugusa namba yoyote kwenye programu kabla hujaandika iliyokuwepo, unayoweka, na kilichotokea. Walinuna. Daftari, Madam? Kwenye roboti?

Siku ya nne tuliliacha jambo hilo tukaenda kijijini Kigombe, kwa sababu mashindano yana sehemu ya pili: timu itafute tatizo la kweli na wazo la kulitatua. Letu lilikuwa silikanti. Wanasayansi waliamini samaki huyu alitoweka pamoja na dinosaria, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu alianza kunaswa miaka ya 2003 na 2004, kwenye nyavu za jarife zinazotegwa chini sana kwa ajili ya papa, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Kigombe imo ndani ya hifadhi hiyo.

Tulimkuta mzee mmoja mvuvi akishona wavu chini ya mti wa mkungu. "Shikamoo babu." "Marahaba wanangu, karibuni kivulini." Aliwaeleza jinsi silikanti alivyo: macho makubwa, mapezi kama vikono, nyama ya mafuta isiyolika. Kijana wetu wa Kidato cha Tatu, mwenye ndoto ya roboti ya kupiga mbizi, akamweleza mpango wake wote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kikikwama kwenye mwamba, mwanangu, nani atakifuata?" Kijana akanyamaza. Nilimwonea huruma, lakini lile lilikuwa swali tulilolifuata mbali kote kule.

Kisha wakamuuliza anajuaje wavu umefika kina gani. Akasimama, akanyoosha mikono yote miwili kwenye kamba, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. "Pima moja." Akavuta, akanyoosha tena. "Pima mbili." Binti mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye siku zote tatu alikuwa hajasema zaidi ya sentensi tano, akaomba ruhusa ampime. Sentimita 172. Akaandika kwenye kauntabuku: pima 40 anazoshusha babu wavu wake ni kama mita 69. Silikanti wa Tanga wamenaswa kati ya mita 50 na 150 hivi. Babu alikuwa anatega mlangoni kwao.

Ndani ya daladala ya kurudi, binti yule akaniambia, "Madam, na roboti ina pima yake. Gurudumu likizunguka mara moja inakwenda sentimita 17.5. Sasa kama babu mkono wake ungekuwa unateleza kwenye kamba, si angekosea hesabu?"

Sikumjibu. Nilitaka alifikie jibu mwenyewe.

Tulipofika hakwenda kula. Aliipindua roboti, akapitisha kidole kwenye mpira wa gurudumu, akanionesha. Kidole cheupe. Desemba ni kaskazi, na madirisha ya maabara yanatazama bahari. Asubuhi tulikuwa tunafagia na kupangusa mkeka, mchana ulishatandwa na mchanga laini usioonekana. Magurudumu yalikuwa yanateleza kwenye kona, roboti inahesabu mizunguko iliyotimia huku yenyewe haijapinda vya kutosha. Walijaribu mara kumi bila kufuta magurudumu: nyangumi alikula mara mbili. Wakajaribu kumi wakifuta kwa kitambaa chenye unyevu kila safari: mara tisa. Zote zimo kwenye kauntabuku, kwa mwandiko wake mdogo ulioinama kushoto. Nilikwenda kusimama nje kidogo.

Wazo letu nalo likabadilika. Yule kijana aliiacha roboti yake ya mbizi na kuanza kuchora kifaa kidogo cha kufungwa kwenye wavu, kinachosoma mgandamizo wa maji, maana kila mita 10 unaongezeka kwa takriban angahewa moja. Mvuvi ajue wavu umeshuka wapi kabla haujafika kwa silikanti. Siku tano zilizobaki zilikuwa za kazi hiyo, na mechi, na kufuta magurudumu.

Siku ya mashindano waliingia ukumbini na kauntabuku imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kitambaa kwenye kopo la maji. Katika mechi ya pili nyangumi alikula uduvi wote. Kwenye chumba cha majaji, mama mmoja alifunua kurasa taratibu, akasimama kwenye ukurasa wa Kigombe na kuuliza, "Hii pima 40 mmeitoa kwenye kitabu gani?"

Binti alisogea mbele, akanyoosha mikono yote miwili.