Dema kwa Kigiriki: siku yangu moja Heidelberg

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nje bado giza. Kabla ya chai napitia vitenzi vya Kigiriki cha kale, na leo ni zamu ya vile vikorofi: «nachukua» ni pherō, «nitachukua» ni oisō, «nilichukua» ni ēnenkon. Mtu aliyelelewa na -na-, -ta- na -li- akikutana na hayo mara ya kwanza hudhani anataniwa.

Saa tatu na robo. Ratiba inasema saa tatu kamili, lakini vyuo vya Ujerumani vina robo saa yao ya jadi, nami naipenda kuliko mengine yote niliyoyakuta huku. Tunasoma hotuba ambayo Lysias, mwandishi wa kale wa hotuba za mahakamani, alimwandikia Euphiletos, mume aliyemuua mgoni wake na sasa anajitetea mbele ya mahakama ya Athens. Amerudi kutoka shamba bila kutarajiwa. Usiku mlango wa ndani unalia, na wa nje pia. Asubuhi mkewe kajipaka poda, na kaka yake hajatimiza hata siku thelathini tangu afe. Mume anaona, ananyamaza, anatoka zake. Bibi yangu angeimaliza kesi hapo hapo.

Neno epsophei limetukalisha nusu saa nzima. Je, mlango ulilia mara moja, au uliendelea kulia? Wenzangu wanahangaika na Kijerumani chao, ambacho hakina njia nyepesi ya kutenganisha mambo hayo. Mimi nimeshaandika pembeni: «ulikuwa ukilia». Kwa hilo Kiswahili kinanibeba. Hata upatanisho wa majina na vivumishi haunitishi. Aliyekua na ngeli zote zile, jinsia tatu za Kigiriki ni mchezo. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu asubuhi.

Saa tano na robo ni zoezi la kutunga, Kijerumani kwenda Kigiriki. Karatasi yangu imerudi nyekundu. Niliweka men mwanzo wa sentensi, nikaisahau de. Vijineno hivi viwili ni kama mizani: ukishatamka cha kwanza, msikilizaji anakaa akingoja upande wa pili. Mwalimu ameandika neno moja tu: «Halafu?»

Saa saba, viazi. Tuendelee.

Saa nane na robo ndiyo semina niliyoivukia bahari. Tunasoma Periplus ya Bahari ya Eritrea (ndivyo Wagiriki wa kale walivyoiita Bahari ya Hindi pamoja na ya Shamu), mwongozo wa safari na biashara ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1, ambao mwandishi wake hajulikani. Nakala kongwe iliyobaki, ya karne ya 10, iko hapa hapa katika maktaba ya chuo. Ilibebwa kwenda Roma mwaka 1623 pamoja na maktaba nzima, ikarudi 1816. Tumefika kisiwa cha Menouthias, ambacho wengine husema ni Pemba, wengine Unguja. Wenyeji wana ploiaria rhapta, vyombo vilivyoshonwa, na monoxyla, vya gogo moja. Mitepe na mitumbwi! Kisha badala ya nyavu wanashusha gyrgathoi. Kamusi inasema vikapu vya kusuka.

Hapo nikanyanyuka. Nikachora dema ubaoni, tumbo lake na mdomo wake unaoingiza samaki usimtoe. Nikaeleza linavyotegwa, maana ami yangu kule Wete, Pemba, anategea mpaka leo. Darasa kimya, nami nikajiona profesa.

Dada mmoja wa mstari wa nyuma akauliza taratibu: «Lakini hao wanaovuliwa ni autas. Ni jinsia ya kike, wingi. Samaki kwa Kigiriki ni wa kiume.» Nikatazama. Vyombo navyo si vya kike wala vya kiume. Kwenye sentensi ya nyuma jina la kike linalofaa ni moja tu, chelōnē. Kasa. Nimekamatwa na ngeli, mimi wa ngeli.

Saa kumi na moja jioni nikamtumia ami ujumbe wa sauti. Kisha nikafungua picha za ule mswada kwenye kompyuta, nikatafuta mstari wenyewe. Vikapu vinashushwa kwenye midomo, lakini neno linalosema ni midomo ya nini hasa limewashinda wahariri, na kulikodolea macho hakukunisaidia.

Saa moja usiku, kwao saa tatu, ami akajibu.

«Shikamoo ami.»

«Marahaba. Kasa gani huyo anaingia demani? Akiingia analivunja. Kasa kwenye mdomo wa mkono wa bahari unamzibia na uzio, maji yakitoka anabaki.»

«Imeandikwa wanashusha vikapu, ami.»

«Nani kaandika? Mvuvi?»

«Inaonekana ni mfanyabiashara kutoka Misri.»

Akacheka mpaka akakohoa. «Basi huyo alikuwa sokoni, anaambiwa.»

Nimeiandika kwa penseli pembeni mwa sentensi, pamoja na neno uzio. Alhamisi dada wa mstari wa nyuma ataisikia.