Damu yangu ilivyopanda nilipoisogeza chai

Mwaka jana kila nikipandia daladala Buguruni napata kizunguzungu. Nikaenda zahanati kupima: wingi wa damu 10.1, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Nilishangaa mno, maana matembele, kisamvu na maharage havikosekani kwangu.

Muuguzi akaniuliza, “Dada, chai unakunywa saa ngapi?” Nikamjibu: pamoja na chakula, asubuhi na usiku, ya rangi iliyokolea.

Kumbe tatizo lilikuwa hapo. Mwili huhitaji madini ya chuma kutengeneza damu. Yale ya kwenye mimea hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama, na tanini, vile vitu vinavyoipa chai ukakasi, huyashika yasifyonzwe vizuri kwenye utumbo. Vitamini C hufanya kinyume, huyarahisishia njia. Ila moto huipunguza, kwa hiyo ndimu naikamulia mboga ikishaipuliwa, au nakula chungwa palepale mezani.

Chai sasa nakunywa saa moja au mbili baada ya kula. Vidonge vya madini nilivyoandikiwa navyo nilimeza miezi 3, vilinisaidia sana. Mwezi uliopita, vidonge vikiwa vimekwisha zamani, nilipima tena: 12.6.