Maji mawili mazuri, na samaki waliokufa

Samaki wakifa mmoja leo na mwingine wiki ijayo, shuku ugonjwa. Wakianza kufa kwa pamoja ndani ya saa chache, shuku maji kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nilianzia hapo jioni ile tetra wangu, samaki wadogo wa mapambo, walipolala chini ya akwariamu wakipumua kwa shida, na gapi, aina nyingine ninayofuga, wakawa wamejazana juu wakihema, matamvua yao mekundu kuliko kawaida.

Mchana ule nilikuwa nimebadilisha nusu ya maji, na maji hayo yalikuwa mageni kwao. Ukitaka kuelewa ugeni huo, lazima ujue maji ya huku kwetu. Tunaishi Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Visima virefu vya huku vinapita kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, na maji yake yana magadi na floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa. Visima vingi vya eneo hili vinapita kiwango hicho, ndiyo maana unaona watu wazima wenye meno ya kahawia ambao wamekulia hapa. Kwa hiyo mwenye paa la mabati huvuna mvua. Sisi tunakunywa maji ya mvua, na samaki wangu pia walikuwa wanaishi kwenye maji hayohayo: laini, safi, hayana klorini. Walinawiri, wakazaana.

Halafu ikaja Januari. Kiangazi kikakaza, tangi la mvua likabaki na maji kidogo ya kunywa tu, nami nikanunua mitungi kwa kijana wa mkokoteni anayechota kisimani.

Jirani yetu mzee alipoona samaki wanakufa hakuwa na shaka hata kidogo. "Mama Njeri, hayo maji yanaharibu meno ya watoto. Samaki atapona?"

"Mzee, niache niyapime kwanza, ndipo tuyalaumu."

Nilianza na pumzi. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji ya huku hushika oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa, kwa hiyo stima ikipotea usiku mzima samaki huumia haraka. Lakini stima ilikuwepo, pampu ya hewa ilikuwa inafanya kazi, na hata nilipoongeza jiwe la pili la hewa hakuna aliyepata nafuu. Shida ingekuwa oksijeni peke yake, wangeanza kutulia. Klorini? Kijana alinihakikishia kwamba maji yametoka kisimani moja kwa moja. Dawa ya mbu haikuwa imepuliziwa chumba kile. Hita ilikuwa inaonyesha nyuzi 25 kama kawaida.

Nina kipimo cha matone, vile vichupa vya kutia maji, kudondoshea dawa na kulinganisha rangi na kadi. Nilipima vitu viwili: amonia, uchafu ambao samaki wenyewe huutoa, na pH, kipimo cha asidi ambacho chini ya 7 ni asidi na juu yake ni kama magadi. Nilipima maji ya aina tatu. Maji ya zamani niliyoyatoa bado yalikuwa kwenye ndoo, nayaweka ya kumwagilia sukuma wiki, na namshukuru Mungu sikuwa nimeyamwaga. Maji ya kisima yalikuwa yamebaki kwenye mtungi. Na maji ya akwariamu yenyewe.

Maji ya kisima: amonia hakuna kabisa, pH 8.4. Maji ya zamani: pH 6, na amonia ikagonga rangi ya mwisho ya kadi, miligramu 8 kwa lita. Akwariamu baada ya kuchanganya: amonia 4, pH 8.2.

Nilikaa chini nikaviangalia vile vichupa. Maji yenye amonia nyingi ndiyo samaki walikuwa wakiishi ndani yake jana yake, wanacheza na kula. Maji yasiyo na amonia ndiyo yaliyoingia nao wakafa. Na mchanganyiko una nusu tu ya ile amonia ya jana. Ukitazama kila maji peke yake, humpati muuaji.

Muuaji alizaliwa pale maji hayo mawili yalipokutana. Amonia ndani ya maji ina sura mbili. Kuna amonia yenyewe, ambayo hupenya matamvua na kuyaunguza, na kuna amonia iliyoshika chembe ya asidi ikawa amoniamu, ambayo haipenyi kirahisi. Kipimo changu kinazisoma zote mbili kwa pamoja, hakizitenganishi. Kinachoamua ni sura ipi itatawala ni pH, na kidogo joto. Kwa nyuzi 25, kwenye pH 6 amonia yenye sumu haifiki hata sehemu 1 katika 1,000. Kwenye pH 7 ni kama 6 katika 1,000. Kwenye pH 8 ni karibu asilimia 5, na kwenye pH 9 inapita theluthi. Piga hesabu ya akwariamu yangu: miligramu 8 kwenye pH 6 hazikutoa hata 0.01 ya sumu. Miligramu 4 kwenye pH 8.2 zikatoa kama 0.3. Wafugaji wengi huingiwa na wasiwasi sumu hiyo ikifika 0.05. Amonia ilipungua kwa nusu na sumu ikaongezeka zaidi ya mara 30.

Na kwa nini pH isikutane katikati? Kwa sababu maji ya mvua hayana kabonati, ile chumvi ya magadi inayopinga pH isibadilike. Ukiyachanganya na maji ya kisima yenye magadi, kisima ndicho kinachoamua.

Usiku ule hesabu hiyo ilinipa uamuzi ambao mzee hakuupenda. Nilichukua ndoo safi, nikajaza maji ya kisima matupu, nikatumbukiza jiwe la hewa na hita, na joto lilipolingana nikahamishia humo samaki wote waliokuwa bado hai. Kuwarudisha kwenye maji ya mvua kungewapa mshtuko wa pili wa pH. Tayari walikuwa kwenye 8.2. Walichohitaji ni pH ileile isiyo na amonia, na maji hayo nilikuwa nayo mtungini. Asubuhi gapi walikuwa wanaogelea katikati ya ndoo, hawahemi tena. Tetra wengi walikufa. Asili ya tetra wa aina yangu ni mito ya Amazon, maji laini yenye asidi, na kwao mruko ule wa pH peke yake ulikuwa mzigo mzito. Lakini waliopona, walipona ndani ya maji yaleyale yaliyolaumiwa. Mzee alikuja, akainama juu ya ndoo muda mrefu, akasema, "Basi floraidi haikuwaua." Ilikuwa ndani ya ndoo ile ile, nao wanaishi.

Kilichobaki ni kujua amonia yote ile ilikuwa inatoka wapi, maana chujio halikuwahi kusimama. Jibu liko kwenye maji ya mvua. Bakteria wa chujio hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, na kazi hiyo hula kabonati: kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia inamaliza kama miligramu 7 za ugumu wa kabonati. Maji ya mvua karibu hayana. Mwezi baada ya mwezi pH ilishuka polepole, na ikishuka chini ya 6.5 bakteria hao hulegea, ikikaribia 6 karibu wanasimama kabisa. Amonia ikajikusanya, lakini kwa sura yake isiyo na sumu, ndiyo maana samaki hawakuonyesha dalili.

Kuna samaki mmoja ambaye nikimfikiria sasa namwelewa vizuri zaidi. Ziwa Nakuru ni la magadi, pH yake kwa miaka mingi ilizunguka 10, na miaka ya 1950 na 1960 lilipandikizwa tilapia wadogo kutoka Ziwa Magadi, ili wale viluwiluwi vya mbu. Kwenye maji kama hayo samaki wa kawaida hushindwa kutoa amonia mwilini kupitia matamvua. Tilapia wa Magadi hatoi amonia, anatoa urea, kama sisi tunavyotoa kwenye mkojo. Mwili wake umelikwepa tatizo zima lililowamaliza tetra wangu, na anaishi hapa kwetu, upande wa pili wa mji.

Kurekebisha akwariamu kulihitaji subira kuliko pesa. Niliijaza maji ya kisima, nikawarudisha samaki wachache, nikawapa chakula kidogo sana huku bakteria wakiamka. Nitriti ilipanda kama nilivyotarajia, nikaweka chumvi ya kawaida, gramu 1 kwa kila lita 10, kwa kuwa kloridi ya chumvi huizuia nitriti isiingie kwenye matamvua. Iliposhuka hadi sifuri ndipo nikaanza kuongeza maji ya mvua, sehemu moja tu kati ya tano kwa wiki. Sasa nachanganya sehemu tatu za mvua na moja ya kisima, na pH imetulia karibu 7.6. Ndani ya chujio nimeweka mfuko wa maganda ya chaza yaliyosagwa, yale ya agroveti ya kuwapa kuku wa mayai. Yanayeyuka taratibu na kurudisha kabonati ambayo bakteria wanakula.

Jambo moja la kuangalia ukipima maji ya kisima: usiyapime yakiwa mabichi. Yakitoka ardhini huwa na hewa ya kaboni nyingi na oksijeni kidogo, na kaboni hiyo huishusha pH kwa muda. Mtungi niliopima mara tu kijana alipoushusha ulisoma 7.6. Baada ya usiku mmoja na jiwe la hewa ulisoma 8.4, na hiyo ndiyo namba samaki wako watakayoishi nayo. Kama akwariamu yako imekaa kwenye maji ya mvua muda mrefu, pima pH na amonia ya maji ya zamani kabla ya kumwaga hata lita moja ya kisima. Ukikuta pH iko chini ya 6.5 na amonia ipo, anza kwa kubadilisha na maji ya mvua hayohayo, kidogo kidogo, hadi amonia iishe, ndipo uguse pH. Tangi likiwa limekauka, omba mitungi miwili mitatu kwa jirani ambaye lake bado lina maji. Mimi siku hizi naweka kando akiba ya maji ya mvua ya samaki tangu Desemba, kabla kiangazi hakijaanza.