Kutoka Kariakoo hadi Goba, na Korongo Moja

Shangazi alitaka koki mbili za sinki, nami nilikuwa Kariakoo. Mtaa wa Congo ulikuwa umezibwa na mkokoteni wa majora ya vitambaa. Sikusubiri: nikakunja Mchikichi, nikakunja tena mbele, nikaibukia Msimbazi. Ndiyo raha ya mitaa iliyochorwa kwa rula tangu enzi za Mjerumani: ukizibiwa huku, kuna kona nyingine hatua chache mbele.

Mwendokasi kutoka Gerezani ukanifikisha Kimara. Pale Shekilango nilichungulia barabara iendayo Sinza, mtaa wa viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970, ambako njia bado zinakutana. Kutoka Kimara, daladala hadi Mbezi Mwisho, nyingine hadi Goba, kisha bodaboda.

Hapo ndipo safari ilipoanza hasa.

Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 Dar es Salaam. Ya 2022 ilivuka milioni 5.3. Wengi wao wamejenga huku pembeni, ambako shamba hukatwa vipande na kuuzwa kabla mpimaji hajafika, na kila muuzaji huacha njia ya kufikia vipande vyake tu. Ya jirani haimhusu.

Tulipita mchanga, tukapanda kilima, tukagota kwenye ukuta mpya ambao saruji yake ilikuwa bado mbichi.

"Mwezi uliopita hapa tulikuwa tunapita," dereva alisema, akigeuza pikipiki.

Njia ya pili iliishia ukingoni mwa korongo. Ng'ambo, juu ya baraza, niliona mtu anapunga khanga. Simu ikaita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Si nakuona hapo! Njoo basi."

"Hapavukiki hapo, bro," dereva alisema. "Tuzunguke."

Tulirudi hadi lami, tukaingilia upande mwingine. Dakika ishirini na tano kwa umbali ambao ningeweza kumrushia hizo koki, kama ningekuwa na mkono mzuri.

Shangazi akanipa maji, akachukua koki moja kuijaribisha. Haikuingia. Nilinunua nusu inchi. Bomba lake la robo tatu.

"Usijali," alisema, akinyoosha kidole ng'ambo ya korongo, karibu kabisa na pale tuliposimama na bodaboda. "Duka la vifaa si lile pale?"