Kuanza usimamizi wa mifumo Ujerumani bila uzoefu wa kazi

Vijana wengi wanaoniandikia kutoka Dar es Salaam na Nairobi wana shahada za kompyuta, lakini kila tangazo la kazi linadai uzoefu ambao hakuna mwajiri aliye tayari kuwapa. Hapa Ujerumani iko njia isiyodai uzoefu huo, nayo ni mafunzo yanayoitwa Ausbildung: kampuni inakuchukua uwe mwanagenzi kwa miaka mitatu, inakulipa posho, na baadhi ya siku unahudhuria chuo cha ufundi. Fani inayozaa wasimamizi wa seva (kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine) na mitandao ni Fachinformatiker für Systemintegration, yaani fundi wa kompyuta wa kuunganisha mifumo.

Posho si ya kujivunia. Kima cha chini cha kisheria kwa mwaka wa kwanza, kwa walioanza 2025, kilikuwa euro 682 kwa mwezi kabla ya makato, na ingawa kampuni nyingi za kompyuta hulipa zaidi, Munich fedha hizo zaweza kuishia kwenye kodi ya chumba.

Kikwazo kikubwa ni Kijerumani, wala si Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi. Viza kwa kawaida hutaka kiwango cha lugha cha B1, yaani cha kati, lakini mhasibu aliyefungiwa akaunti yake ya kompyuta asubuhi ya siku ya mishahara hana subira ya kungoja utafute kitenzi, kwa hiyo fika B2, ngazi inayofuata, kabla ya kuomba.

Wenye shahada huona haya kuketi darasani na watoto wa miaka 17. Nawaelewa, ila haya hiyo haimsumbui mwajiri. Yeye hujiuliza kama mhitimu wa chuo kikuu atavumilia kubeba skrini na kubadilisha nywila za watu. Jibu zuri kuliko rundo la vyeti ni kazi uliyoifanya nyumbani: kompyuta kuukuu yenye Debian (aina ya Linux) na mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta moja, seva ya DNS (inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao) uliyoisimika mwenyewe, mfumo uliouvuruga kwa makusudi kisha ukaurejesha kutoka nakala rudufu, na maelezo ya maandishi ya kila hatua. Maandishi hayo usiyadharau, kwa kuwa mtihani wa mwisho una mradi wa saa 40 unaouandikia ripoti na kuutetea mbele ya watahini.

Mafunzo mengi huanza Agosti au Septemba, na kampuni kubwa huanza kutafuta wanagenzi karibu mwaka mzima kabla. Anayetoka Afrika Mashariki aongeze muda wa viza, hivyo maombi ya msimu ujao yatumwe kabla ya Krismasi.