Nilivyoiangalia shoo nzima ya Queen nyumbani, kutoka mkanda wenye ukungu hadi godoro ukutani

Hapa Unguja jina la Freddie Mercury limezoeleka. Watembezaji watalii husimama na kundi lao pale Shangani, wananyoosha kidole, wanaeleza kwamba kijana wa Kiparsi aliyeitwa Farrokh Bulsara alizaliwa mjini hapa mwaka 1946, picha zinapigwa, safari inaendelea Forodhani. Tangu 2019 na makumbusho yake yapo. Lakini waulize wanaopita pale kila siku kama wamewahi kuangalia shoo moja ya Queen, bendi ya rock ya Uingereza aliyoiimbia, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watakwambia wameona kidogo kwenye simu. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo: vipande vya dakika tatu, dakika nne, kwa spika ya simu isiyotoa besi hata uibembeleze.

Nilichokitaka ni shoo ya uwanja wa Wembley, London, ile ya Jumamosi tarehe 12 Julai 1986. Niliitaka yote, kwa mpangilio wake, kwenye TV ya nyumbani, na sauti inayomfanya mtu aache kuzungumza.

Nilianzia kwa mjomba wangu, aliyerudi kutoka Uingereza miaka mingi nyuma na sanduku la mikanda ya VHS. Wa Wembley ulikuwemo, ule uliotolewa mwaka 1990, jalada lake bado zuri. Ukiutazama kupitia kidirisha cha plastiki, kingo za mkanda zilikuwa na weupe kama vumbi la unga. Fundi wangu wa deki aliuchukua, akausogeza karibu na taa, akaurudisha mezani haraka.

"Huu ukungu, kaka. Ukiutia kwenye deki utachafua hedi inayosoma mkanda, halafu kila mkanda utakaofuata unaambukizwa."

Joto na unyevunyevu wetu wa pwani ndio unaofanya hivyo. Akaifungua ile kaseti, skrubu tano za chini, akautoa mkanda na kuufuta kwa kitambaa laini chenye spiriti, pole pole, akiuzungusha kwa mkono. Alifanya mchana mzima na bei aliyonitoza ilikuwa ya kindugu. Ulicheza. Theluji juu ya skrini, mistari chini, rangi nyekundu ikivuja nje ya nguo za watu, lakini ulicheza, na kwa kuwa ni wa Uingereza, yaani mfumo wa picha wa PAL kama wetu, picha haikukataa kukaa mahali pake. Mjomba angelikuwa ametokea Marekani na mkanda wa NTSC, mfumo wa kule, deki nyingi za huku zingetupa picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka.

Kilichonivunja moyo ni kitu kingine: ule mkanda umekatwa. Nyimbo kadhaa za usiku ule hazimo, na unahisi mahali palipofyekwa, kwani jasho la Freddie linabadilika kati ya wimbo na wimbo. Nikamtumia ujumbe mtoto wa mamkubwa anayeishi Uingereza. Toleo la DVD la 2003 lina shoo nzima, na kule maduka ya mtumba yanaziuza DVD kwa bei ya soda, maana wenyewe wameshahamia kwenye intaneti. Ikafika ndani ya begi la mgeni, imefungwa katikati ya nguo za watoto.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

TV zetu za siku hizi ni nyembamba, na spika zake zimefichwa nyuma au chini, zinaupigia ukuta na meza. Kwa taarifa ya habari inatosha. Kwa Queen, gitaa la Brian May lilisikika kama nyuki ndani ya kopo. Nilikuwa na sabufa, ile ya kawaida yenye boksi moja kubwa na vispika vidogo viwili. Nikaiunganisha. Besi ikajaa chumba kizima, vikombe vikalia kabatini, ila gitaa la besi la John Deacon halikusikika. Najua hii inaonekana kama kinyume cha mambo. Sabufa nyingi za namna ile zinatoa mshindo mmoja tu, upige noti hii au ile, na Deacon hapigi mshindo, anapiga noti, tena anaziacha nafasi kati yake. Kwenye "Another One Bites the Dust" zile nafasi ndizo wimbo wenyewe, na sabufa ilikuwa inazijaza kwa mngurumo.

Nikaiweka pembeni. Nikaazima amplifaya ya zamani ya rafiki yangu na spika zake mbili za mbao, nzito, za kubebwa na watu wawili. Waya mwekundu na mweupe kutoka nyuma ya deki ya DVD moja kwa moja kwenye amplifaya, TV ikaachiwa picha peke yake na sauti yake nikaizima kabisa. Halafu kwenye menyu ya DVD kuna jambo dogo ambalo wengi wanalipita. Kuna sauti ya aina mbili, ya stereo na ile ya spika tano na sabufa. Mwenye spika mbili tu achague stereo. Ukichagua ile ya pili, deki inalazimika kukusanya sauti zilizopangwa kwa pembe zote za chumba na kuzibana kwenye spika mbili, na huku kwangu sauti ya mwimbaji ilirudi nyuma, makelele ya watazamaji yakaja mbele.

Bado kulikuwa na mwangwi. Nyumba zetu ni saruji na vigae, dramu za Roger Taylor zikigonga zinakwenda ukuta wa pili na kurudi kukugonga kisogoni. Nikatandika mikeka miwili sakafuni, pazia zito nikalishusha, na ukuta unaozitazama spika nikauegemezea godoro. Mke wangu aliingia, akalitazama godoro, akanitazama mimi, akatoka bila kusema kitu. Spika nilizipandisha juu ya viti ili zilingane na masikio ya aliyekaa, nikazitoa pembeni mwa ukuta maana kona inaongeza besi ya uongo. Tofauti niliisikia pale pale. Sauti ya Freddie ikakaa katikati, mahali ambapo hapakuwa na spika yoyote.

Picha ilinichukua muda mfupi zaidi. Shoo hii ilirekodiwa kwa kamera za video za wakati ule, umbo la karibu mraba, na TV yangu ilikuwa inaivuta mpaka kila mtu ananenepa. Nikairudisha kwenye 4:3 na kuziacha zile pande nyeusi kushoto na kulia. Nikapunguza ule ukali wa picha (sharpness), ambao kwenye picha ya zamani unachora tu mstari mweupe pembeni ya kila mtu. Kisha nikavisogeza viti nyuma. Video ya PAL ina mistari 576 ya picha, haiongezeki, na ukiikaribia TV kubwa unaona ukungu mwingine, huu usiofutika kwa spiriti.

Nilialika watu baada ya Isha, Ijumaa moja ambayo umeme ulikuwa umetulia. Alikuja mdogo wangu, rafiki mwenye spika (alitaka kuhakikisha hazichomwi), na jirani yangu tunayemwita Maalim, ambaye amepiga fidla kwenye vikundi vya taarab tangu ujana wake. Yeye nilimwalika kwa makusudi. Hakuwahi kuwasikiliza Queen kwa makini na alikuwa ameshaniambia kwamba rock ni makelele ya watu wenye njaa.

Shoo inaanza na "One Vision" bado kuna mwanga wa mchana. Hili kwenye vipande vya simu hulioni. Julai kule jua linachelewa kuzama, kwa hiyo nyimbo za mwanzo unauona uwanja wote, watu zaidi ya elfu sabini, na taa za jukwaani hazina nguvu. Kidogo kidogo giza linaingia na jukwaa linageuka kuwa kitu kingine. Freddie na lile koti la njano, suruali nyeupe yenye mstari mwekundu, na fimbo ya maikrofoni isiyo na kitako, anaizungusha, anaitumia kama gitaa, kama bakora, kama upanga.

Maalim alikaa kimya nyimbo tatu. Kisha akasema, "Huyu mtu anajihifadhi." Nikamuuliza vipi. Akaniambia nisikilize: pale wimbo unapopanda juu kabisa, yeye jukwaani anachukua njia ya chini, na yule mpiga dramu ndiye anayepanda. Sikuwa nimewahi kulitambua, na toka siku ile siwezi kutolisikia. Roger Taylor ana sauti ya juu kweli kweli, na Freddie akiwa katikati ya ziara ndefu hakuona haya kumwachia. Maalim hakuona ni udhaifu. "Mwimbaji wa usiku mmoja anapiga kelele, mwenye kazi kesho anahesabu," alisema, na alikuwa anazungumzia harusi za Makunduchi.

Baadaye akauliza kinanda kinapigwa na nani wakati Freddie yuko mbele anarukaruka. Ni Spike Edney, mtu wa tano ambaye kamera hazimtafuti sana. Maalim alichukizwa kwa niaba yake.

Sehemu iliyomkamata ni pale Freddie anapoimba kipande bila maneno na uwanja mzima unakirudisha. Anatoa kifupi, wanarudisha. Anatoa kirefu chenye mapindo, wanajaribu, wanashindwa, anacheka. Maalim alisogea mbele kwenye kiti. Alisema hii ni kuitikia, kama kwenye kasida, na kwamba kazi ngumu hapo ni kujua umati unaweza kubeba nini, kisha kuupa kidogo zaidi ya hapo.

Solo ya Brian May ni ndefu mno. Nasema hivyo nikimpenda. Anapiga noti, mashine ya mwangwi inaishika, anapiga nyingine juu yake, mpaka anaimba na nafsi yake mwenyewe sauti tatu, na kwa dakika mbili za mwanzo ni muujiza. Baada ya hapo mdogo wangu alikwenda kutazama chai. Maalim yeye hakubanduka, hasa nilipomweleza kwamba lile gitaa May alilitengeneza mwenyewe na baba yake wakati wa ujana, shingo yake ikichongwa kwenye mbao ya fremu ya meko ya zamani, na kwamba anapiga kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza badala ya kipande cha plastiki. Aliomba nirudishe nyuma aione sarafu. Haionekani vizuri, mistari ni ile ile 576.

Halafu "Bohemian Rhapsody". Inapofika ile sehemu ya kwaya, jukwaa linabaki tupu. Taa zinawaka, sauti zinaendelea, watu hakuna.

"Wamekwenda wapi?" aliuliza mke wangu, ambaye kumbe alikuwa amesimama mlangoni kitambo.

Hawakuweza kuiimba sehemu ile moja kwa moja, sauti zimerundikwa studioni moja juu ya nyingine, nyingi kuliko vinywa vyao. Badala ya kuigiza midomo, walikuwa wanaucheza mkanda wenye sauti hizo na kuondoka jukwaani, kisha wanarudi gitaa likilipuka. Mke wangu alikaa. Aliona hiyo ni adabu, kutojifanya. Akabaki mpaka mwisho, mpaka mikono yote ile inapigwa pamoja kwenye "Radio Ga Ga" na Freddie anapotoka na taji na joho la kifalme wakati wimbo wa taifa la Uingereza unapigwa. Nilimwambia kwamba ziara ile ndiyo ya mwisho kwao na Freddie, shoo ya mwisho kabisa ilikuwa Knebworth tarehe 9 Agosti mwaka ule ule. Miaka mitano baadaye, Novemba 1991, alifariki.

Sasa kwa wenye nia ya kujaribu nyumbani: kama una TV kubwa na unataka picha, usianze na Wembley. Anza na shoo za Montreal, Kanada, za tarehe 24 na 25 Novemba 1981, zilizotolewa upya mwaka 2007. Zile zilipigwa kwa filamu ya milimita 35, na filamu unaweza kuipitisha tena kwenye mashine za leo ikatoa undani ambao video ya 1986 haikuwahi kuwa nao. Unaona vidole vya Deacon kwenye nyuzi. Ni ukumbi wa ndani, watu wanne tu jukwaani, hakuna mpiga kinanda pembeni, na kwa maoni yangu wanapiga vizuri zaidi, kwa ukali zaidi. Nilimwonyesha Maalim wiki iliyofuata. Amekataa kabisa. Anasema Montreal ni wapigaji wanne hodari, Wembley ni wapigaji wanne na uwanja, na uwanja nao umepiga. Bado tunabishana, na mwenye spika ameanza kuzidai.